Msimu wa 1958 na Suala la Sare katika Futiboli ya Kimarekani

Katikati ya karne ya 20, sare katika futiboli ya Kimarekani ilikuwa hasara kwa pande zote mbili. Vyuo vikuu vingi vilicheza mechi 9 au 10 kwa msimu mzima, hapakuwa na mashindano ya mtoano, na bingwa wa taifa alipatikana kwa kura za waandishi wa habari na makocha. Timu ambayo haikufungwa hata mara moja ingeweza kuukosa ubingwa kwa sababu ya alasiri moja iliyokosa mshindi. Ndiyo maana kabla ya msimu wa 1958 vyuo viligusa hesabu ya pointi, jambo lililokuwa halijafanyika tangu 1912.

Anayeufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli hupata tachidauni, yenye pointi 6. Hadi wakati huo, timu iliyofunga iliongezewa pointi 1 tu, ambayo kwa kawaida ilipatikana kwa kuupiga mpira upite kati ya milingoti. Kanuni mpya ilimpa kocha hiari: apige mpira kwa pointi 1, au auvushe tena mstari wa goli, kwa kukimbia au kwa pasi, kutoka yadi 3, apate 2. Aliyekuwa nyuma kwa pointi 1 hakuwa tena na kisingizio cha kuridhika na sare. Ilikuwa kanuni nzuri, kwa kuwa ilimdai kocha ujasiri bila kuubadilisha mchezo wenyewe.

Hata hivyo sare hazikwisha. Army, timu ya chuo cha kijeshi, chini ya kocha Red Blaik, ilimaliza bila kufungwa, lakini ilikuwa imetoka 14–14 na Pittsburgh. Mchezaji wake Pete Dawkins alitwaa Tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, na mwenzake Bill Carpenter aliwashangaza wapinzani kwa kusimama peke yake pembeni, mbali na wenzake, hata timu ilipokusanyika kupanga mbinu. Auburn nayo haikufungwa, ila ilitoka 7–7 na Georgia Tech. Air Force, akademia changa ya jeshi la anga ambayo mwaka huo ilikuwa bado haijatoa mhitimu hata mmoja, ilimaliza bila kushindwa ikiwa na sare mbili: 13–13 na Iowa, kisha 0–0 na TCU katika Cotton Bowl, mojawapo ya mechi za mwaliko za baada ya msimu.

Louisiana State University (LSU) ndiyo iliyoshinda zote 11. Kanuni za ubadilishaji wa wachezaji zilikuwa finyu, na wengi walilazimika kushambulia na kulinda pia. Kocha Paul Dietzel aliwagawa vijana wake katika makundi matatu: la kwanza la kazi zote, la pili la kushambulia zaidi, na la tatu la kulinda, ambalo lilipewa jina la Chinese Bandits kutoka kwenye katuni ya gazetini. Wengi wa kundi hilo hawakuwa na vipaji vya kutajwa, lakini waliingia uwanjani wakiwa na pumzi mpya, nao mashabiki wakawapenda kuliko nyota. Katika Sugar Bowl, Billy Cannon alitupa pasi pekee iliyozaa tachidauni, kisha akapiga mwenyewe pointi ya ziada: 7–0 dhidi ya Clemson.

Kura za kumpata bingwa zilipima timu ambazo nyingi hazikuwahi kukutana, tena katika nchi iliyogawanyika kwa rangi. LSU na Auburn hazikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Oklahoma ilikuwa na Prentice Gautt, mchezaji wake wa kwanza mweusi, ambaye katika Orange Bowl dhidi ya Syracuse alikimbia yadi 42 hadi kwenye goli mchezo ukiwa ndio kwanza umeanza.

Ligi ya kulipwa, NFL, ilikuwa na timu 12, na umaarufu wake ulikuwa bado nyuma ya ule wa vyuo. Huko Jim Brown wa Cleveland alikimbia yadi 1,527 katika mechi 12, wakati rekodi iliyokuwapo ilikuwa 1,146. Cleveland na New York Giants zilifungana kileleni mwa kanda yao, ikabidi zirudiane. Ulinzi wa Giants, uliopangwa na Tom Landry, ulimwachia Brown yadi 8 tu, na Giants wakashinda 10–0.

Fainali ilichezwa tarehe 28 Desemba katika uwanja wa Yankee Stadium, Giants dhidi ya Baltimore Colts. Colts waliongoza 14–3 wakati wa mapumziko, kisha wakazuiwa kwenye yadi ya mwisho kabisa, na Giants wakapindua hadi 17–14. Zikiwa zimesalia chini ya dakika mbili, Johnny Unitas wa Colts, aliyewahi kuachwa na timu ya NFL ya Pittsburgh akacheza mchangani kwa malipo ya dola chache, alianzia karibu na goli lake mwenyewe. Pasi tatu mfululizo zilimfikia mwenzake Raymond Berry na kuleta yadi 62. Steve Myhra akasawazisha kwa mguu zikibaki sekunde 7.

Hapo ikaanza kutumika kanuni iliyokuwa haijawahi kuhitajika katika fainali ya NFL: muda wa nyongeza, anayefunga kwanza ndiye bingwa. Giants walipata mpira kwanza, wakashindwa kuendelea. Unitas akaisogeza timu yake yadi 80 kwa michezo 13, na Alan Ameche akapenya yadi ya mwisho: 23–17. Watazamaji wa televisheni walikadiriwa kufikia milioni 45, ingawa New York yenyewe haikuonyeshwa mechi hiyo, kwa kuwa ligi ilizuia matangazo katika mji wenyeji ili kulinda mauzo ya tiketi.

Wafanyabiashara waliiona mara moja nguvu hiyo ya televisheni. Mwaka 1959 Lamar Hunt alianzisha ligi pinzani, AFL, iliyoanza kucheza 1960 ikitumia kanuni ya vyuo ya pointi 2. NFL haikuipokea kanuni hiyo hadi 1994, na muda wa nyongeza ikauingiza katika mechi za kawaida mwaka 1974. Vyuo vikubwa, vilivyotangulia kuipiga vita sare, viliendelea kuivumilia hadi 1996, vilipouweka muda wa nyongeza katika mechi zote.