Tununue moto gani? Maneno mbele ya wanachama wa Kasongo na Kabambare

 

Komite imeniomba niseme juu ya moto, sababu kazi yangu ya shirika inanipitisha njia zenu mvua ao jua. Pesa iliyopo inatosha chombo kimoja tu. Siku ya soko kitabeba mpunga, karanga na mafuta ya mawese. Usiku, mama akishikwa na uchungu, ni hicho hicho kitampeleka hospitali. Basi tusichague kwa macho.

Kuna wanaotaka ile ya magurudumu matatu, yenye sanduku nyuma. Mjini ni nzuri, inabeba kuliko moto mbili. Lakini njia ya Kabambare mnaijua: malori yamechimba mifereji miwili, katikati kumebaki tuta. Gurudumu la mbele litapita wapi? Likipanda tuta, yale ya nyuma yako mashimoni. Likishuka mfereji, chombo kinainama na mzigo wote. Na madaraja ya miti? Moto ya kawaida watu wawili wanaisukuma juu ya gogo, na mto ukijaa inapanda mtumbwi. Ile ya magurudumu matatu itabaki ng'ambo.

Wengine wanasema tutafute kama zile za mashirika, Yamaha DT 125 ao AG 100. Ni moto ngumu kweli, sizitukani. AG 100 ilitengenezwa kwa wafugaji na wakulima, shene yake imefunikwa matope yasiingie. Ila kiti chake ni cha mtu mmoja, nyuma ni chuma cha mzigo. Mama mjamzito akae wapi? DT nayo iko juu sana. Hata mimi, mwanaume mrefu, ninaipanda kwa kuruka. Tena zote mbili zinakunywa mafuta ya 2T pamoja na benzini. Yale mafuta yakiisha bila dereva kuona, pistoni inakwama. Shirika liko na gari la kuileta pyesi. Sisi tuko na kinga.

Mimi ningechukua moto ya Kihindi, TVS ao Bajaj Boxer, ya 125. Sababu si uzuri wake. Ni kwamba fundi chini ya mwembe anaijua, na pyesi zake ndizo zinauzwa sokoni. Batri ikikufa, unapiga kiki inawaka. Kiti ni kirefu na cha chini: dereva, mama, na mtu wa kumshika nyuma.

Vijana wanataka 150. Ninawaelewa, inavuta zaidi mlimani. Lakini inakunywa zaidi, na benzini ya wakadhafi mnajua bei yake inavyopanda malori yakikwama. Kwenye njia zetu nani atafika kilomita 80 kwa saa? Tunachohitaji ni nguvu ya chini, ya kutoka matopeni polepole, na hiyo haidai mashini kubwa. Mwambieni fundi abadilishe pinyo ya nyuma, aweke yenye meno mawili ao matatu zaidi, na kama shene ni fupi aiongeze. Mwendo utapungua kidogo kwenye tambarare, lakini moto itapanda na magunia bila kuunguza klachi. Kazi ya asubuhi moja.

Sasa wafadhili wanisikie vizuri. Msitoe pesa yote dukani. Bakizeni sehemu kwa mipira ya magurudumu yenye meno makubwa, shene, buji, nyaya za klachi, na mafuta ya mashini. Mashini hii inabeba karibu litre moja tu ya mafuta. Yakikaa miezi mpaka yanakuwa meusi kama lami, mmeiua wenyewe. Kiangazi, kichujio cha hewa kisafishwe kila wiki, vumbi la Juni mpaka Agosti halina huruma.

Kuna jambo moja ambalo duka haliwezi kutusaidia. Mchana moto itatafuta pesa. Usiku ufunguo ubaki kwa nani, na benzini ya mgonjwa asiye na kitu italipwa na mfuko gani? Komite inapiga kura leo juu ya moto. Ninaomba haya mawili yaandikwe kwenye karatasi ile ile, kabla mtu hajaenda kununua.