Mapacha ni Amana Mbili

(Hotuba ya mzazi mbele ya wazazi wa wanafunzi wa madrasa, baada ya sala ya Alasiri)



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.). Wapendwa wazee wangu, kina mama na ndugu zangu, nimeombwa niseme machache juu ya malezi ya watoto. Mimi si mwanachuoni, wala sisimami hapa kwa kuwa nimefaulu. Nasimama kwa sababu nilikosea, na huenda kosa langu likamfaa mwenzangu.

Mwenyezi Mungu alitujaalia watoto wawili wa kiume, mapacha, ambao sasa wana umri wa miaka 9. Hapa kwetu Tabora pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto, nami nitawataja kwa majina hayo. Kama ilivyo kwa mapacha wengi, walizaliwa kabla ya miezi kutimia. Kulwa alikuwa na kilo 1.8 na Doto kilo 2.3. Wauguzi walitufundisha kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, ili wapate joto. Mama yao alimbeba mmoja, nami nikambeba mwingine.

Siku ya 21, walipopata nafuu, tuliwafanyia akika. Nilichinja mbuzi 4, wawili kwa kila mtoto, kwa maana katika akika mapacha hawachangii. Kila mmoja aliadhiniwa katika sikio lake na kunyolewa kichwa chake. Basi tangu mwanzo dini ilinionyesha kwamba hawa ni watu wawili. Nami nikasahau.

Niliwavisha kanzu za namna moja na viatu vya namna moja. Nilipowahitaji niliita, "Mapacha!" wakaja wote. Nikadhani huo ndio uadilifu. Nyumbani Doto ndiye aliyejibu kwa niaba ya wote wawili, nasi tukasema kuwa Kulwa ni mkimya. Mama yake aliwahi kuniambia kwamba maneno humkwama mtoto huyu. Nikamjibu kuwa ataacha akikua. Na kila jioni baada ya Magharibi niliwasikiliza wakisoma Kurani Tukufu. Kwa kuwa nilikuwa nimechoka na kazi za mchana, niliwaamuru wasome pamoja kwa sauti moja ili tumalize upesi. Walisoma vizuri, nami nikaridhika.

Lakini madrasa kila mtoto husoma peke yake mbele ya mwalimu. Doto akasonga mbele, Kulwa akabaki nyuma. Walipokuwa na miaka 7, Doto alihitimu Juzuu Amma. Nilimnunulia baiskeli, nikamkabidhi mbele ya wageni, kisha nikamgeukia Kulwa nikasema: "Nawe mvivu, mtazame mwenzako. Mmelala tumbo moja, mmezaliwa siku moja. Una udhuru gani?" Wageni wakacheka. Mtoto aliinamisha kichwa, hakujibu neno.

Baada ya miezi miwili mwalimu aliniuliza kama Kulwa ni mgonjwa, kwani hakuonekana darasani kwa wiki tatu. Nilistaajabu, maana kila alasiri niliwaona wakitoka pamoja na juzuu zao mkononi, na kila jioni walisoma somo la siku ile pasipo kosa. Kesho yake niliwafuata kwa mbali. Nikamwona Kulwa akiachana na mwenzake njiani, akaketi chini ya mwembe nyuma ya ukuta, akangoja. Darasa lilipokwisha, Doto alimjia pale, wakafungua juzuu, akamfundisha yale aliyofundishwa yeye. Na baiskeli ile, ambayo nilidhani Doto anaionea fahari, ilikuwa nyumbani imeegemezwa ukutani, matairi yamekwisha upepo.

Usiku ule nilimketisha Kulwa peke yake nikamtaka asome. Neno la kwanza lilimkwama, midomo ikatetemeka, jasho likamtoka. Kwa miaka 7 nilikuwa baba yake, na sikuwahi kumsikia akisoma kwa sauti yake mwenyewe. Baadaye nilielezwa kwamba mwenye kigugumizi mara nyingi hakwami anaposoma kwa sauti moja na mtu mwingine. Kumbe ule uvivu wangu wa kuwasikiliza pamoja ndio ulioificha shida ya mwanangu.

Wapendwa, tazameni jinsi dini yetu ilivyomtangulia mtoto huyu kwa huruma. Nabii Musa (a.s.) alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi wake, na akaomba nduguye Harun awe msaidizi wake. Habari hiyo imo katika Sura Taha. Na Mtukufu Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba anayeisoma Kurani kwa kutaabika ana thawabu mbili. Mimi nilimwita mvivu mtoto ambaye kila neno lake lilikuwa jihadi.

Kadhalika tunajua habari za Sahaba Bashir (r.a.), aliyempa mwanawe Nuuman zawadi, kisha akaenda kwa Mtukufu Mtume (s.a.w.) ili awe shahidi. Mtume alimwuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wa zawadi ile. Aliposema hapana, Mtume alimwamuru amche Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto, na Bashir (r.a.) akairudisha zawadi yake. Nilipoikumbuka habari hiyo, nilifikiri kumnyang'anya Doto baiskeli. Kisha nikaona kwamba hiyo itakuwa dhuluma ya pili, kwani Doto hakukosa lolote. Kilichonipasa kurudisha ni lile neno nililolisema mbele ya watu. Basi niliwaita wageni walewale nyumbani, na mbele yao nikamwomba Kulwa msamaha. Haikuwa rahisi kwangu. Lakini aliyeaibishwa hadharani, haki yake haitengenezwi chumbani.

Ndugu zangu, nimejifunza kwamba kuwalinganisha watoto huwaumiza wote wawili. Anayeshutumiwa hukata tamaa, na anayesifiwa hugeuzwa fimbo ya kumpigia nduguye. Hata mapacha wanaofanana kabisa hawana alama moja za vidole. Mbona basi tunataka wawe na mwendo mmoja? Uadilifu si kumpa kila mtoto kanzu ya namna moja tu. Ni kumpa kila mmoja sikio.

Kwa hiyo nawausia wenye mapacha, na hata wenye watoto wa kawaida: mwiteni kila mtoto kwa jina lake. Kila siku mpeni japo dakika chache za peke yake. Mtoto akikwama katika maneno, msimmalizie neno, wala msimharakishe. Mtazameni kwa upole na mngoje. Na mama akisema ameona jambo kwa mtoto, asidharauliwe.

Kulwa amerudi madrasa. Mwalimu humsikiliza kando, taratibu, naye yumo katika sura za mwisho za Juzuu Amma. Bado hukwama. Doto naye bado hutaka kumjibia, nasi humwambia: mwache mwenzio aseme. Baiskeli imejazwa upepo, nao huiendesha kwa zamu.

Mwenyezi Mungu atusamehe makosa tuliyowafanyia watoto wetu kwa kutojua, na atujaalie kuwarudishia haki zao wangali wadogo, kabla hawajazoea kunyamaza. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.