Maneno yaliyosemwa siku ya kumaliza kilio cha Mzee wa Daftari

Baba Padri, Baba Rais wa ushirika pamoja na komite yako, wamama, wababa, vijana, na ninyi wafadhili mtakaosoma maneno haya mbali na Baraka,

Tumeombwa kusema machache kwa niaba ya wafanyakazi wa misaada waliopita katika kartie hii. Familia imeomba jina la mzee lisiandikwe ndani ya gazeti. Ninyi mlio hapa mnamujua. Wasomaji wengine wamwite Mzee wa Daftari, kama watoto walivyomwita, naye alikuwa anajifanya hasikii.

Hapa kwetu neno "shirika" liko na wenyewe wawili. Kuna shirika la Wakristu wa kartie, wanaokutana kwa rozari na kuchangia mgonjwa unga. Tena kuna shirika letu sisi, lenye jipu na fomu. Mzee alikuwa kiongozi wa lile la kwanza. Leo tumekuja kueleza namna shirika la pili lilivyomkosea.

Lakini kwanza daftari. Mwaka 1996, vita ilipofika Fizi, alivuka ziwa kwa mtumbwi na familia yake mpaka Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Lugufu. Huko walianza kusali chini ya mti. Kazi aliyojipa ni kutembelea wagonjwa, na mtu akifa, kuandika: jina lake, jina la baba yake, kijiji alichotoka huku ng'ambo, siku aliyozikwa, na kaburi liko fasi gani. Hakuuliza dini. Ndani ya kurasa zile wamo Wakatoliki, Wamethodisti, Wapentekoste na Waislamu. Mwenzake mmoja wa kanisa alimwuliza sababu gani anamaliza wino juu ya watu wasio wa parokia. Akamjibu: "Kwani hawa hawakuwa na mama?"

Watu walianza kurudishwa na HCR kwa meli, Kigoma mpaka Baraka, mwezi wa Oktoba 2005. Yeye alipofikiwa na zamu yake, alikuja na sufuria, jembe, picha ya Bikira Maria na daftari tatu za shule zilizofungwa katika mfuko wa plastiki. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Makaburi yalibaki kule, na familia nyingi za hapa hazina alama nyingine ya watu wao isipokuwa mstari mmoja wa mwandiko wake.

Na mstari ule haukuwa wa sala tu. Kuna mama mmoja, mjane, aliyerudi na wajukuu wanne. Mashemeji wakamwambia bwana yake hajafa, yuko Afrika ya Kusini anatafuta pesa, kwa hiyo shamba haliwezi kuguswa mpaka arudi. Mnajua mashamba yetu mengi hayana karatasi. Shahidi wake ni wazee na chifu. Mzee akaenda kwa chifu na daftari ya pili, akafungua, akasoma: jina, siku, upande wa kaburi, na majina ya wanaume waliochimba. Wawili kati ya hao wachimbaji walikuwa wamekaa palepale, na mmoja wao alikuwa ni shemeji. Ile siku mzee hakugombana na mtu. Alisoma, akaomba maji ya kunywa, akarudi nyumbani. Shamba likabaki kwa mama.

Sasa kosa letu.

Wakati wa mradi wa nyumba tulimpa mzee mabati, kama wengine waliokuwa kwenye orodha. Miezi kadhaa baadaye tulirudi kukagua, tukakuta nyumba yake ingali na nyasi. Tukamwuliza mabati yako wapi. Akasema, "Yako kazini." Tukacheka kidogo, tukaandika katika fomu: ameuza. Kwa neno lile moja jina lake likatoka katika orodha ya mbuzi. Hatukumwuliza mara ya pili. Tulikuwa na nyumba nyingi za kukagua kabla ya jua kuzama, na ile ndiyo sababu yetu yote.

Msimu uliofuata tuliingia kwa yule mjane juu ya mambo ya chakula cha watoto. Mvua ilikuwa inanyesha. Tukainua macho, tukaona namba tulizoandika kwa rangi kwenye kila bati. Zilikuwa namba za mzee. Mjane hakuwa kwenye orodha yetu, kwa sababu kule kambini aliandikwa chini ya jina la mtoto wake, na mtoto yule alikuwa amepelekwa Marekani.

Tulienda kuomba radhi. Tulimkuta anamenya mihogo. Tukamwuliza sababu gani hakusema. Akasema: "Ningesema, mngeyashusha."

Ni kweli, tungeyashusha. Kanuni yetu ilikataza mtu kumpa mwingine msaada aliopewa. Tulitaka kumrudisha katika orodha, tukaambiwa imeisha kufungwa, na amekufa bila kupata mbuzi. Wafadhili wetu, haya tunawaambia ninyi pia: fomu ilikuwa na nafasi ya "ameuza" na ya "ameharibu". Nafasi ya "amempa mwenye shida kuliko yeye" haikuwemo. Tumeomba iongezwe, tunangoja jibu.

Hakuwa mtu mwepesi, tuseme ukweli. Aliyechelewa rozari alisimamishwa nje mpaka fumbo la pili, hata angekuwa Baba Rais. (Baba Rais anacheka, anajua.) Simu ikilia kanisani alikuwa anamkazia macho mwenyewe mpaka atoke.

Sanduku la ushirika lililipa mbao na usafiri. Wanachama waliochanga, tunawashukuru. Lakini kuna kazi imebaki. Kurasa kadhaa za daftari ya tatu zililowa, na mjukuu wake wa kike anazinakili upya. Tunaomba kila familia iliyozika mtu Lugufu au Nyarugusu ifike kwake Jumamosi, baada ya usafi wa kanisa, ili majina yawe kamili kabla ya misa ya marehemu wote, tarehe 2 Novemba. Mje na jina la baba wa marehemu na jina la kijiji. Na mje na biki zenu, babu yake alimwachia moja tu.