Ukishang'olewa Jino, Linda Shimo Lake



Leo sisemi juu ya mishahara, nasema juu ya jino. Wengi wetu hung'olewa jino asubuhi, na mchana tumekwisha rudi kazini kubeba magunia, sigara mdomoni. Siku ya tatu mtu anashika shavu, maumivu yamepanda hata sikioni, naye anamlaumu daktari.

Jueni hivi. Jino likitoka huacha shimo mfupani. Damu hujaa humo na kuganda. Damu hiyo ndiyo kifuniko cha kidonda, na chini yake nyama mpya huota. Ikitoka mapema mfupa hubaki wazi, ndipo huja maumivu makali na harufu mbaya mdomoni.

Basi tuilinde. Kwanza, uma kitambaa ulichopewa kwa nusu saa hadi saa moja, bila kukitoa kila mara kutazama. Pili, kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kitu kwa mrija, wala usiguse shimo kwa kijiti. Tatu, tumbaku uiache siku 3 au zaidi, na pombe uiache pia. Nne, kula chakula laini kisicho moto, utafune upande wa pili. Tano, saa 24 zikipita, sukutua polepole baada ya kula kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa bilauri moja.

Siku ya kwanza usiinue mizigo, maana huweza kurudisha damu. Mtauliza, "Na mshahara je?" Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Lakini yataka cheti cha daktari. Kiombe kabla hujatoka zahanati, na umwarifu mwajiri mapema.

Maumivu kidogo yanayopungua si ajabu. Lakini yakizidi, au damu ikikataa kukoma, au ukipata homa na uvimbe unaoongezeka, rudi kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo. Ukishindwa kumeza au kupumua, kimbilia hospitali.

Ndugu, kupumzika siku moja kwa cheti si uvivu. Ni haki yako, itumie.