Kupanga Mradi wa Ushauri wa Taasisi: Mada kwa Wanafunzi wa Uzamili Watakaofanya Kazi Mikinduri

Utangulizi

Mikinduri, katika Tigania Mashariki, ina wakulima wa majani chai na miraa, na wengi wao huweka akiba katika vyama vyao vya ushirika. Mwanafunzi wa uzamili kutoka vyuo vya Nchiru au Meru mjini hana haja ya kwenda mbali kutafuta taasisi ya kushauri. Hoja yangu ni moja: mpango wa ushauri uanzie siku ambayo wanachama watafanya uamuzi, kisha urudi nyuma hadi siku ya kwanza ya kazi.

1. Chunguza tatizo kabla ya kulikubali

Edgar Schein, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu ushauri wa taasisi, alisisitiza kwamba mshauri na mteja wachunguze tatizo pamoja. Tuseme mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo anakuambia, "Vijana hawalipi, tuandalieni semina ya nidhamu." Usiandike pendekezo bado. Omba daftari la mikopo, upange marejesho mwezi kwa mwezi.

Mkulima anayepeleka majani kwenye kiwanda cha KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, hulipwa kila mwezi, pamoja na bonasi ya mwaka. Wa miraa hutegemea bei ya siku, inayopanda na kushuka kwa mvua na soko la nje. Somalia ilizuia miraa ya Kenya kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Marejesho yaliyokwama katika miezi hiyo hayawezi kuponywa na semina ya nidhamu. Yanahitaji ratiba inayofuata mapato ya mkopaji.

2. Andikeni hadidu za rejea

Ukurasa mmoja unatosha: swali, watakaohojiwa, kitakachokabidhiwa, na mtekelezaji. Kamati na msimamizi wako watie sahihi. Ikiwa kazi itaingia katika tasnifu, omba mapema leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Daftari la mikopo lina majina, simu na wadhamini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda watu hao. Badili majina kuwa namba kabla ya kutoka ofisini.

3. Fuata kalenda ya chama

Sheria ya Vyama vya Ushirika hutaka mkutano mkuu, ambako wanachama huamua, ufanyike ndani ya miezi 4 baada ya mwaka wa fedha kwisha. Mwaka ukiisha Desemba, mkutano uwe umefanyika kufikia mwisho wa Aprili. Basi kamati ipate rasimu Februari, na mahojiano yaishe kabla ya Krismasi. Mvua za Oktoba hadi Desemba huharibu barabara, kwa hiyo anza na wanachama wa mbali. Asubuhi wachumaji wako shambani; wakute kwenye kituo cha kukusanyia majani, wakisubiri zamu ya mizani.

4. Mapendekezo

(a) Vyuo vitenge muda wa mradi kwa kufuata mikutano mikuu, si mihula pekee.

(b) Kila pendekezo la mwanafunzi litaje afisa wa chama atakayelisimamia na gharama yake.

(c) Matokeo yasomwe kwa Kimeru na Kiswahili mbele ya wanachama kabla ya kura, kwa kuwa fedha zinazojadiliwa ni zao.