Ute wa Goti Haujakauka



Nilikusudia kuzungumzia maumivu sugu ya goti na mguu kwa mapana yake, lakini wagonjwa wangu wananilazimisha kuanza na bamia. Karibu kila mwenye goti bovu ameshaambiwa kwamba ute umekauka, na kwamba maji ya bamia zilizolowekwa usiku kucha yataurudisha.

Ute wa kiungo hutengenezwa na utando ulio ndani ya goti, kutokana na maji ya damu. Mlenda wa bamia huishia tumboni. Hauna njia ya kufika gotini. Tena goti linalosagika mara nyingi halikauki, linajaa maji, ndiyo maana linavimba. Kinachoharibika ni ubora wa ute, gegedu, na nguvu za misuli ya paja. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute huohuo, linapobanwa na kuachiwa mtu anapotembea.

Bamia ni mboga nzuri, sina ugomvi nayo. Ninachokipiga vita ni nasaha inayofuatana nayo: usitembee, utamaliza ute uliobaki. Madhara yake nayajua mwilini mwangu. Goti langu la kulia na kiungo cha kidole gumba cha mguu huohuo vinaniuma pamoja, na kikao cha tahiyatu katika swala, kinachovikunja vyote viwili, ndicho kipimo changu kila alfajiri. Ndugu zangu, kwa mapenzi, waliniletea kiti, kisha wakawa wananiletea kila kitu palepale. Paja likanywea, ngazi zikanishinda.

Madaktari wenzangu wasidhani imani za aina hii ziko mtaani tu. Hospitalini nako tuliamini kwamba goti likisafishwa litapona. Mwaka 2002 Bruce Moseley na wenzake wa Houston, Marekani, walichapisha jaribio ambalo sichoki kulifundisha. Wagonjwa walikuwa 180. Baadhi walikwanguliwa gegedu, wengine wakaoshwa goti kwa maji, na kundi la tatu likachanjwa ngozi tu. Bahasha ya kupanga kundi ilifunguliwa ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa kundi la tatu, daktari aliagiza vifaa na kulikunja goti kama kawaida, na maji yakamwagwa ili yasikike. Kila mgonjwa alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba anajua huenda asifanyiwe lolote ndani ya goti; ujasiri huo unanigusa hadi leo. Baada ya miaka 2, waliopasuliwa hawakuwa na nafuu kuwazidi waliochanjwa ngozi.

Mazoezi ninayoyatetea badala yake nayo hayamalizi maumivu. Nafuu yake ni ya wastani. Goti au kidole kilichovimba ghafla, chekundu na cha moto, huenda kina jongo au usaha: mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo. Wapo pia wanaonipinga kwa hoja ya mguu, kwamba kidole gumba kikikakamaa mwendo hupinda na goti likaelemewa. Hoja hiyo naipokea, na jibu langu ni kiatu chenye soli ngumu, kisha mgonjwa atembee.

Hapo sisogei. Ninaomba kliniki zetu zisimruhusu mgonjwa wa goti kuondoka na vidonge tu, kabla hajaonyeshwa jinsi ya kuinuka kitini bila kushika kitu, na kupangiwa umbali wa kutembea wiki hiyo.