Honi Si Amri: Maneno kwa Wenye Motokaa na Wapanda Baisikeli wa Meru na Embu



Barabara itokayo mji wa Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, ikizunguka ubavu wa Mlima Kenya upande wa mashariki. Mito iteremkayo mlimani, kama vile Thuci na Nithi, imechimba mabonde yenye kina, na kwa sababu hiyo barabara hushuka na kupanda, tena ina kona nyingi. Katika sehemu nyingi hapana njia ya pekee ya baisikeli. Ifikapo penye maduka na soko huzidi kuwa nyembamba, kwa kuwa magari husimama kando na watu hununua na kuuza hapo hapo. Hapo ndipo mwenye lori na mwenye baisikeli wakutanapo, na kila mmoja hudhani kwamba njia ni yake.

Si haki kusema kwamba mmoja wao ana haraka ya bure. Mwenye baisikeli huenda amechukua mikungu ya ndizi, na asipowahi sokoni hukuta wanunuzi wamekwisha kuondoka. Dereva wa gari la miraa litokalo Igembe naye anajua ya kuwa miraa ikikawia njiani hunyauka na thamani yake huanguka. Zaidi ya hao kuna pikipiki za abiria, ambazo ziliongezeka mno baada ya mwaka 2008. Wote wanatafuta riziki katika lami ile ile moja.

Basi na itazamwe ajali jinsi inavyoanza. Mpanda baisikeli anakwenda polepole upande wake wa kushoto, na mzigo umefungwa nyuma. Lori linamfuata, na mbele kuna basi linalokuja. Dereva wa lori hapunguzi mwendo, bali hupiga honi kwa nguvu. Yule mtu hushtuka, akajitupa nje ya lami. Lakini mvua za masika zimekwisha kula udongo wa kando, na ukingo wa lami umekuwa kama ngazi. Gurudumu la mbele huteremka, mzigo huyumba, na mara nyingi mtu haanguki upande wa majani bali upande wa magurudumu ya lori. Baadaye dereva husema, “Mimi nilipiga honi.” Ni kweli, alipiga. Lakini honi si amri ya kumfukuza mtu njiani. Ni ilani tu ya kumjulisha kwamba gari lipo. Aliyekwisha kupiga honi bado ana wajibu wa kushika breki.

Labda dereva atauliza, “Nikimngoja, nitapoteza saa ngapi?” Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa baisikeli inakwenda kilomita 15 kwa saa, na gari likaifuata kwa mita 200 mpaka njia iwe wazi, mwendo huo utachukua sekunde 48. Gari lingekwenda kilomita 50 kwa saa lingetumia sekunde 14 na kidogo. Hasara yote ni kama nusu dakika. Lakini gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde, na kwa kilomita 80 hukata mita 22, kabla mguu haujagusa breki. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi inayohitajika kwa breki kulisimamisha gari huwa mara nne.

Sheria ya Kenya imeweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa ndani ya miji. Mwaka 2004, Waziri John Michuki alipoleta kanuni zake, matatu zilitiwa vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80. Katika nchi nyingine sheria imeingia hata katika nafasi ya kupitana. Ufaransa humtaka dereva aache mita 1 mjini na mita 1 na nusu nje ya mji. Uingereza ilibadili mwongozo wake wa barabarani mwaka 2022, ikaweka wazi kwamba mwenye chombo kiwezacho kudhuru zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kujihadhari. Mzee yeyote wa Meru au Embu angelisema vivyo hivyo bila kusoma kitabu, maana mwenye nguvu ndiye aangaliaye akanyagapo.

Hata hivyo mpanda baisikeli hana ruhusa ya kujisahau. Akienda usiku bila taa nyeupe mbele na kiakisi chekundu nyuma, dereva hawezi kuepa asichokiona. Zile baisikeli nzito zenye breki za vyuma hukamata vibaya chuma cha gurudumu kikilowa, kwa hiyo katika mteremko wa mvua ni heri kushuka na kukokota. Mzigo usipite upana wa mikono yake. Wawili wasiende sambamba wakizungumza. Na ile desturi ya vijana ya kushika nyuma ya lori wakati wa kupanda mlima iachwe kabisa, kwa kuwa lori likisimama ghafula hakuna mahali pa kwenda.

Liko tena jambo la wenye kutunza barabara, yaani mamlaka ya barabara kuu na serikali za kaunti. Ukingo uliolika hujazwa kwa changarawe na kushindiliwa. Kazi hiyo si kubwa ikilinganishwa na kujenga barabara mpya, na yafaa ifanywe kila mvua zikwishapo. Mpanda baisikeli akiwa na mahali pa kukimbilia, kosa dogo halitakuwa kifo.

Wazee walisema, “Kawia ufike.” Dereva atakayeondoa mguu katika mafuta akaingoja kona ipite, atafika Meru nusu dakika baada ya saa aliyoikusudia, na mwenye ndizi atafika sokoni, kisha jioni atafika kwake.